Simu ya Siri Gerezani, Hasara Mtaani

Haya ni maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Kibokoni, Mji wa Kale, kuhusu sheria zinazokataza simu za siri magerezani, na kuhusu haki za jamaa wanaotaka kuwasiliana na wafungwa na mahabusu.



Mtaa huu unaijua jela kuliko mitaa mingi ya Kenya. Ukitoka Kibokoni kwa miguu, kabla kahawa haijapoa kikombeni, umefika Ngomeni. Ngome hiyo iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ambayo leo watalii hulipa kiingilio kuiona, ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni kuanzia 1895 hadi 1958. Jela ilikuwa jirani. Ukuta wake ulionekana, lango lake lilijulikana, na aliyetaka kumpelekea mfungwa salamu au kitu alipaswa kupita langoni, mbele ya askari.

Leo jela ya Mombasa inayotajwa zaidi ni Shimo la Tewa. Ukitoka hapa unavuka daraja la Nyali, unafuata barabara ya Malindi, unapita Bamburi na Shanzu, na kabla ya kuvuka mto wa Mtwapa umefika. Ni mbali kwa miguu. Lakini simu imeirudisha jela karibu na mlango wa kila nyumba, safari hii bila ukuta, bila lango na bila askari wa kuuliza nani anazungumza na nani.

Jambo hili lina pande mbili, na zote mbili zimo Kibokoni. Upande mmoja ni mama anayetapeliwa akiba yake na sauti asiyoijua. Upande wa pili ni mama ambaye mwanawe yuko rumande na anamwomba amletee simu. Mara nyingi watu huzungumzia upande wa kwanza tu. Mazungumzo haya ni ya pande zote mbili, kwa sababu simu anayoipeleka mama wa pili ndiyo inayoweza kumpigia mama wa kwanza.

Simu inayoita mtaani

M-Pesa ilianza Machi 2007, na tangu hapo mkoba wa Mkenya umehamia kwenye simu. Ada ya madrasa, mchango wa maziko, malipo ya samaki na kodi ya nyumba vyote hupita humo. Mwizi naye alihamia palepale. Kwa miaka mingi sasa, wakuu wa usalama wamekiri kwamba sehemu ya simu za utapeli hupigwa na watu walio ndani ya magereza. Gereza la Kamiti, Nairobi, limetajwa mara nyingi hata jina lake likawa kama jina la utapeli wenyewe. Misako imefanywa mara kwa mara katika magereza mbalimbali, na simu na laini zikapatikana.

Njia wanazotumia si nyingi. Ya kwanza ni ujumbe unaosema umepokea pesa, kisha simu ya mtu anayelia: “Mama, nimekutumia pesa kimakosa, ni za mgonjwa, tafadhali nirudishie.” Ujumbe ule ni wa kutengenezwa. Umetoka kwenye namba ya kawaida, haukutoka M-PESA, na salio halijaongezeka hata shilingi. Mama akirudisha, anarudisha pesa zake mwenyewe.

Ya pili ni sauti ya haraka: mtoto wako amegongwa na gari, au ameshikwa na polisi, tuma pesa sasa hivi kabla mambo hayajaharibika. Hapa tapeli haitaji imani ya mtu bali hofu yake. Anajua mzazi hawezi kufikiri vizuri akisikia jina la mwanawe, na jina hilo si vigumu kulipata.

Ya tatu ni ya mtu anayejitia kuwa mhudumu wa kampuni ya simu. Anasema laini yako itafungwa, na anakutaka ubonyeze namba fulani au umtajie namba ya siri. Akifanikiwa, laini inahamishwa kwenye kadi yake. Simu yako inakosa mtandao ghafla, na kufikia jioni akiba imekwisha.

Kwa nini mtu aliyefungwa afae sana kwa kazi hii? Ana muda kutwa kucha. Amezungukwa na watu wanaoweza kumfundisha. Na anayeibiwa akitaka kumtafuta mwizi wake, hajui pa kuanzia. Lakini hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Pesa zinapotumwa, lazima kuwe na mtu wa nje wa kuzitoa kwa wakala, na laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu fulani. Mtu huyo wa nje huenda ni kijana wa mtaani aliyeambiwa, “Nipe laini yako siku moja tu, nitakupa mia tano.”

Sheria inasemaje

Msingi ni Sheria ya Magereza, Sura ya 90 ya sheria za Kenya. Ni sheria ya zamani, ya miaka ya mwanzo ya 1960, wakati simu ilikuwa chombo cha kufungwa ukutani na hakuna aliyewaza kwamba ingeingia mfukoni. Hata hivyo, sheria hiyo haikuhitaji kuitaja simu ya mkononi kwa jina. Inakataza kuingiza gerezani kitu chochote kilichopigwa marufuku, na inakataza kuwasiliana na mfungwa bila idhini. Simu ya siri inavunja makatazo yote mawili kwa pamoja: yenyewe ni kitu kisichoruhusiwa, na kazi yake ni mawasiliano yasiyo na idhini.

Wakazi waelewe mambo matatu kuhusu sheria hii.

Kwanza, haimhusu mfungwa pekee. Mgeni anayeingiza simu ametenda kosa, hata kama ni mzazi na hata kama hakulipwa chochote. Anayejaribu kuingiza akashikwa langoni naye ana kosa, ingawa simu haikufika. Na kitu hakitazamwi kwa ukubwa wake. Kadi ya laini, betri au chaja haina udhuru kwa sababu ni ndogo.

Pili, maafisa wa gereza wana mamlaka ya kumpekua mgeni na mizigo yake, na ya kumkatalia kuingia. Upekuzi huo una mipaka yake ya heshima. Mwanamke anapaswa kupekuliwa na afisa mwanamke, na mgeni hastahili kutukanwa wala kudhalilishwa. Lakini kukataa kupekuliwa ni kukataa kuingia.

Tatu, sheria inamhusu pia afisa. Hakuna siri kwamba simu nyingine huingia kwa msaada wa waliopewa kazi ya kuzizuia. Afisa anayechukua hongo ili kupitisha simu anaingia chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, ambayo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10, au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Sheria hiyo inamshika anayepokea na anayetoa. Kwa hiyo mzazi anayetoa “kitu kidogo” langoni ili mwanawe apate simu hajarahisisha mambo. Ameongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na hili la pili ni zito zaidi.

Kisha kuna sheria zinazohusu kinachofanywa na simu ikishaingia. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 3. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 iliongeza nyingine. Kujifanya mtu mwingine kwa njia ya mtandao kunaweza kuleta faini ya hadi shilingi 200,000 au kifungo cha hadi miaka 3. Ulaghai wa kompyuta, ambao unagusa wizi wa kuingilia mifumo na akaunti, unaweza kufika faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10. Mfungwa anayepatikana na hatia anaongezewa kifungo juu ya kifungo. Mshirika wake wa nje anaanza cha kwanza.

Kuhusu usajili wa laini, kanuni zinataka kila laini isajiliwe kwa kitambulisho cha mwenyewe. Maana yake ni kwamba laini iliyotumika kumwibia mtu Lamu au Kisumu ina jina nyuma yake. Polisi wakianza kutafuta, huanza na jina hilo.

Nchi nyingine zimefanyaje

Kenya haiko peke yake. Uingereza ilibadilisha sheria mwaka 2007, na chini ya sheria hiyo kumpelekea mfungwa simu bila idhini kunaweza kumfunga mpelekaji hadi miaka 2. Mwaka 2010 wakaongeza kwamba hata kuwa na simu hiyo ndani ya gereza ni kosa la jinai. Mwaka 2012 wakapitisha sheria ya kuruhusu magereza kuzima mawimbi ya simu.

Marekani ilipitisha sheria yake Agosti 2010, inayompa kifungo cha hadi mwaka 1 mtu anayempelekea simu mfungwa wa gereza la serikali kuu, na mfungwa anayekutwa nayo. Miezi michache kabla ya hapo, katika jimbo la South Carolina, afisa mmoja wa gereza aliyekuwa hodari wa kukamata simu za magendo alivamiwa nyumbani kwake alfajiri na kupigwa risasi kadhaa. Aliponea chupuchupu. Amri ya kumshambulia ilitoka ndani ya gereza, kwa simu ya magendo. Kisa hicho kiliwaonyesha wengi kwamba simu ya gerezani inaweza kutumiwa kwa mambo makubwa kuliko kuiba salio.

Wapo wanaouliza: kwa nini basi mawimbi yasizimwe Shimo la Tewa, mambo yakaisha? Swali ni la haki, lakini mawimbi hayajui ukuta. Mtambo wa kuzima simu ukiwekwa karibu na makazi, unaweza kumkatia simu mkazi wa jirani anayemwita daktari usiku, au mwenye duka anayepokea malipo. Vilevile unaweza kumnyima afisa wa gereza mwenyewe njia ya kuomba msaada wakati wa fujo. Ndiyo maana nchi zinazotumia mitambo hiyo huitungia sheria na kanuni zake, na ndiyo maana hata huko misako na upekuzi havijaachwa. Mtambo unasaidia, lakini hauwezi kushika nafasi ya lango lenye uaminifu.

Mama na kabambe

Sasa upande wa pili. Chukueni mfano wa mama wa mtaa wowote wa Mji wa Kale. Mwanawe ameshikwa, amefikishwa mahakamani, amepewa dhamana, lakini pesa za dhamana hazikupatikana. Yuko rumande. Bado hajahukumiwa, mbele ya sheria hana hatia. Kesi imeahirishwa mara mbili. Nauli ya kwenda na kurudi inauma, na mama akifika huko anapata dakika chache za mazungumzo, huku askari amesimama karibu.

Siku moja kijana anamwambia kwa sauti ya chini: “Mama, niletee kabambe tu. Mulika mwizi. Nitakuwa nakupigia usiku, hutakuwa na haja ya kuja huku kila mara.”

Nani asiyemwelewa mama huyo? Anachoombwa si silaha wala dawa za kulevya. Ni simu ndogo ya bei rahisi, ili asikie sauti ya mwanawe kabla ya kulala. Anaifikiria ndani ya mkate, ndani ya sabuni, ndani ya kopo la unga.

Kabla hajaitia mfukoni, mama huyo anafaa kujua safari ya simu ile baada ya lango.

Gerezani, simu ni mali yenye thamani kubwa kuliko bei yake dukani. Kijana mgeni rumande hawezi kuimiliki peke yake. Wenye nguvu watajua, na wakijua wataitaka. Ataambiwa aikodishe, au ainyime akapigwa, au aitoe kulipa deni asilolijua. Zikipita wiki chache, simu ya mama haipo tena mkononi mwa mwanawe. Iko mkononi mwa mtu mwingine, na laini iliyomo imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama.

Kisha simu ile inaanza kuita mitaani. Inampigia muuza viazi vya karai, mzee anayesubiri malipo ya uzeeni, dada aliyetoka Oman na akiba ya miaka kadhaa. Mwisho wa safari, maafisa wa upelelezi wanabisha mlango wa nakshi hapa Kibokoni na kumuuliza mama namba hii ni ya nani. Mama alitaka kuisikia sauti ya mwanawe. Sasa anatafuta wakili wa kumtetea yeye mwenyewe, na kijana aliyekuwa akisubiri kesi moja amefunguliwa ya pili, hata kama siye aliyepiga zile simu.

Kwa hiyo jibu la kumpa mwanawe ni “hapana”, lakini “hapana” peke yake ni ukatili. Linahitaji kufuatiwa na njia nyingine.

Njia ya wazi ipo, na ni haki

Katiba ya 2010, Kifungu cha 51, inasema mtu aliyezuiliwa au kufungwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo haziwezi kuambatana na hali ya kuzuiliwa. Bunge lilifuatisha hilo kwa Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru, Namba 23 ya 2014. Sheria hiyo inatambua kwamba mfungwa na mahabusu wana haki ya kutembelewa na jamaa zao, na ya kuwasiliana nao, chini ya masharti ya usalama. Kwa maneno mengine, sheria ileile inayokataza simu ya siri haitaki mtu akatwe na nyumbani kwao. Inataka mawasiliano yapite langoni.

Njia hizo ni hizi.

Kutembelea. Nenda na kitambulisho chako, fika mapema, na uulize kabla kuhusu siku na vitu vinavyoruhusiwa ili usirudishwe njiani. Mahabusu ambaye kesi yake haijaamuliwa ana nafasi pana zaidi ya kutembelewa kuliko aliyehukumiwa.

Barua. Wengi wameisahau, lakini barua bado inaingia na kutoka. Husomwa na afisa, kwa hiyo iandike ukijua hivyo. Kwa mtoto aliye na mzazi ndani, karatasi yenye mwandiko wa babake au mamake ina maana kubwa kuliko sauti ya kunong’ona ya usiku.

Simu inayosimamiwa. Mwone afisa wa ustawi wa gereza na umuulize utaratibu wa kupiga simu kwa idhini. Janga la korona lilipofunga milango ya magereza kwa wageni mwaka 2020, idara ililazimika kutafuta njia nyingine, na mahakama zikaanza kusikiliza mambo mengi kwa video. Kesi za namna hiyo zinaendelea. Uliza kama kesi ya jamaa yako itasikilizwa kwa njia ya mtandao, na kama unaweza kuifuatilia.

Wakili. Mawasiliano ya mshtakiwa na wakili wake yanalindwa na Katiba. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, kupitia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Shirika la Kituo Cha Sheria nalo lina ofisi hapa Mombasa.

Dhamana yenyewe. Masharti yake si msahafu. Jamaa wa mahabusu wanaweza, kupitia wakili au kwa mahabusu mwenyewe kusimama mbele ya hakimu, kuomba kiwango kipunguzwe. Wengi hawaombi kwa sababu hawajui kwamba inawezekana. Pesa zinazokusanywa kwa ajili ya simu na hongo zingefaa zaidi zikielekezwa huko.

Na ikiwa njia ya wazi imefungwa bila sababu? Ikiwa mgeni amedaiwa pesa langoni, au amezuiwa kumwona jamaa yake, au mfungwa ameadhibiwa kwa kuadhibiwa tu? Malalamiko hupelekwa kwa mkuu wa gereza kwanza, kisha kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ambayo ndiyo ofisi ya mtetezi wa wananchi, au Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Hongo hupelekwa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Malalamiko ni wajibu pia. Lango lililofungwa bila haki ndilo linalomfanya mama aliyekata tamaa atafute dirisha.

Hapa ni vizuri kusema wazi kwamba magereza ni kazi ya serikali ya kitaifa, si ya kaunti. Serikali ya Kaunti ya Mombasa haiendeshi Shimo la Tewa na haiwezi kumpa mtu ruhusa ya kuingia huko. Kazi ya taarifa hii ni kuwafikishia wakazi wanachopaswa kujua, ili wanaokwenda langoni waende wakiwa na uhakika.

Ya kufanya nyumbani, kuanzia leo

Ukipata ujumbe wa pesa “zilizokosewa”, usimsikilize mpigaji. Angalia salio lako kwanza. Ikiwa kweli kuna pesa zimeingia kimakosa, mwambie mwenyewe awasiliane na kampuni ya simu. Pesa zitarudishwa na kampuni, si na wewe.

Ukituma pesa ukagundua umekosea au umetapeliwa, usingoje asubuhi. Kwa wateja wa Safaricom, peleka ujumbe wa muamala kwa namba 456 mara moja, kwa sababu tapeli akishazitoa ni vigumu kuzirudisha.

Ujumbe wa utapeli upeleke kwa namba 333, ni bure. Mhudumu wa kweli wa Safaricom anapiga kwa namba 0722 000 000 pekee, na hata huyo hatakuuliza namba yako ya siri.

Bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni ya simu ukaiondoe. Ukiwa na mzee nyumbani asiyeweza kusoma skrini, mfanyie hivyo akiwa ameketi pembeni yako, wala usiichukue namba yake ya siri.

Simu yako ikikosa mtandao ghafla huku majirani wanao, tumia simu ya mwingine uipigie kampuni haraka, ufunge akaunti.

Vijana, laini yako si ya kukodishwa. Mia tano ya leo ni jina lako katika faili la polisi kesho.

Aliyeibiwa asione haya. Andikisha ripoti kituo cha polisi, na ubaki na ujumbe wote bila kuufuta, kwa sababu huo ndio ushahidi. Matapeli hutegemea aibu ya watu. Mtu mmoja akinyamaza, namba ileile itaita nyumba ya pili.

Na kwa mama yule mwenye mwanawe rumande, ambaye pengine ameketi hapa akisikiliza na hakumwambia yeyote: mwenye mwana gerezani si mhalifu, na mtaa huu usimfanye mmoja. Majirani wanaweza kumsaidia nauli, kumsindikiza siku ya kesi, kumwandikia barua asiyejua kuandika, na kumtafutia wakili wa msaada. Mama aliyeshikwa mkono hivyo hatahitaji kuficha simu ndani ya mkate.

Wenye maswali kuhusu utaratibu wa kutembelea au msaada wa kisheria wanaweza kuanzia kwa mzee wa mtaa au kwa chifu, nao watawaelekeza kwenye ofisi husika.